Kujifunza kwa Mbali na Hati za Ustadi: Habari za Sengerema na Pwani ya Ziwa

Mtu atafutaye hati ya ustadi hupita hatua tatu: hupata somo, hufanya mazoezi, kisha huketi mtihani. Shuleni hatua hizo zote hukaa chini ya paa moja, na kwa sababu hiyo watu wengi huzidhania kuwa ni kitu kimoja. Lakini kwa mtu akaaye mbali na chuo hatua hizo hutengana. Somo hutoka katika mji mmoja, mazoezi hufanywa katika mji wa pili, na mtihani huwekwa katika mji wa tatu. Mwenye kutaka kujua kwa nini kijana mmoja hufuzu na mwenziwe huacha njiani, hana budi kuzitazama hatua hizo moja moja, na kuuliza ni ipi iliyomfikia na ipi iliyobaki ng'ambo.

Sengerema ni mahali pafaapo kwa uchunguzi wa namna hiyo. Mji huo uko magharibi ya Ghuba ya Mwanza, katika nchi wakutanamo Wasukuma na Wazinza. Watu wake ni wakulima, wavuvi, wafugaji na wafanya biashara. Wilaya yao ilikatwa kutoka Geita mwaka 1975. Mji mkubwa wa Mwanza si mbali kwa macho, lakini maji ya ghuba yamelala katikati, na kwa muda wa miaka mingi hapakuwa na njia fupi ya kufika huko ila kwa chombo. Siku hizi vijana wa Sengerema, kama wenzao wa miji mingine, hujifunza uandikaji wa programu za kompyuta kwa masomo ya intaneti, wakijiandaa kwa mitihani ya hati zitolewazo na mashirika ya nchi za mbali. Watu huliona jambo hilo kuwa jipya kabisa. Ukweli ni kwamba chombo ndicho kipya. Kazi yenyewe ina historia ndefu upande huu wa ziwa, na historia hiyo ina mafunzo.

Fundisho lililo kubwa ni hili: somo halijapata kukosa njia ya kuvuka maji. Lilivuka kwa barua, likavuka kwa redio, na sasa lavuka kwa waya na mawimbi. Vilivyokawia kuvuka ni vitu viwili vingine, navyo ni mwenzi wa kujifunza naye, na lugha ya kulifahamu somo lenyewe.

Asili ya masomo ya barua

Mafunzo ya kwa mbali yalianza pamoja na posta ya bei nafuu. Mwaka 1840 Uingereza ilianza kutumia stempu ya peni moja, na mwaka huo huo Isaac Pitman akaanza kufundisha hati mkato kwa posta. Aliwapelekea wanafunzi kadi ndogo zenye mazoezi. Wao wakayaandika na kumrudishia. Naye akayasahihisha na kuyatuma tena. Yafaa kuangaliwa kwamba Pitman hakuuza somo peke yake. Aliuza masahihisho, yaani jicho la mwalimu juu ya kazi ya mwanafunzi. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikafungua mitihani yake kwa watu wasiosoma katika vyuo vyake, na tangu hapo mahali pa kujifunzia na mahali pa kutahiniwa pakawa vitu viwili mbalimbali.

Desturi hiyo ilifika Afrika ya Mashariki pamoja na utawala wa Kiingereza. Makarani, waalimu na watunza hesabu waliotaka kupanda daraja walijiandikisha katika vyuo vya barua vya Uingereza, na baadaye vya Nairobi. Vitabu vilikuja kwa meli hadi bandarini, kisha kwa gari la moshi, ambalo lilifika Mwanza mwaka 1928, na mwisho kwa chombo cha ziwani au kwa barabara. Jibu la swali moja liliweza kuchukua majuma mengi kwenda na kurudi. Karani aliyekosea hesabu katika somo la pili aliweza kufika somo la tano kabla ya kujulishwa kosa lake, naye kwa wakati huo alikwisha jenga juu ya msingi mbovu.

Kwa hiyo waliofuzu walikuwa watu wa aina maalumu: wenye mshahara wa kulipia ada, wenye Kiingereza cha kutosha, na wenye moyo wa kukaa peke yao na taa usiku. Wote wengine walibaki nje, wala si kwa kukosa akili. Njia yenyewe iliwachuja kabla mtihani haujawafikia.

Zamani za Mwanza kuwa makao ya elimu ya watu wazima

Baada ya Uhuru, njia hiyo ilitazamwa upya. Mwaka 1964 kituo cha elimu ya ushirika kilianzishwa Moshi, na katika kazi zake kilitoa masomo ya barua kwa watu wa vyama vya ushirika. Mapema katika miaka ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaanza masomo yake yenyewe, yakaitwa Elimu kwa Njia ya Posta. Lakini jambo lililo karibu zaidi na Sengerema lilikuwa Mwanza kwenyewe.

Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 mikoa ya ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ilikuwa na mradi wa majaribio wa kisomo ulioendeshwa na Serikali pamoja na UNESCO, na makao yake yalikuwa Mwanza. Sengerema wakati huo ilikuwa ndani ya Geita, na Geita ndani ya Mkoa wa Mwanza. Mradi huo ulitaka mtu mzima ajifunze kusoma kwa maneno ya kazi yake. Mkulima wa pamba alisoma habari za pamba, na mvuvi alisoma habari za uvuvi, na vitabu viliandikwa kwa Kiswahili. Aidha mtu hakusoma peke yake. Palikuwa na darasa la jirani, na mwalimu wake mara nyingi alikuwa mwanakijiji mwenzao. Mwaka 1974, Mwanza ikaanza kutoa gazeti la watu wapya katika kisomo, jina lake Elimu Haina Mwisho, ili aliyejua kusoma asisahau kwa kukosa cha kusoma.

Wakati huo huo redio ilitumika kwa namna isiyo ya kawaida. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, vipindi vya Kiswahili vilisikilizwa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake. Viongozi yapata 75,000 walifunzwa kwa ajili hiyo, na watu wapata milioni 2 wakashiriki. Baada ya kusikiliza, kikundi kilijadili, kisha kikatoka kwenda kuchimba choo au kufyeka vichaka. Redio ilileta somo tu, wala haikufanya zaidi ya hapo. Mazoezi yalifanywa na kikundi, na kikundi kilizungumza lugha ambayo kila mtu aliifahamu.

Hesabu za taifa zaonyesha matokeo ya juhudi za miaka ile. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa asilimia 67. Mwaka 1975, baada ya mtihani wa taifa, walihesabiwa kuwa asilimia 39. Hapana budi kukiri kwamba kisomo si ufundi wa kompyuta, na kampeni ya serikali si sawa na hiari ya mtu mmoja. Hata hivyo kanuni iliyojulikana Mwanza wakati ule haikutegemea chombo: somo litokalo mbali huzaa likikuta kikundi, kazi na lugha ya nyumbani.

Kompyuta yaingia nchini

Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, nayo ilikuwa mashine ya aina ya ICT 1500. Miaka michache baadaye mashine zilizopewa kazi ya hesabu za Serikali zilileta matatizo makubwa na gharama nzito za fedha za kigeni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hayo yalilegezwa polepole katika miaka ya 1980, na kila aliyetaka kuagiza mashine akatakiwa kupata kibali.

Wengi wameicheka amri hiyo. Lakini mwenye kupima kwa haki ataona kwamba nyuma yake palikuwa na swali la kweli: mashine itafaa nini ikiwa wenye kuielewa ni wageni, na wenye nchi ni watumiaji tu? Kosa halikuwa katika swali, lilikuwa katika jibu. Kufunga mlango kuliizuia mashine, na kukawazuia pia wanafunzi wa mashine. Kizazi kizima cha vijana kilimaliza shule pasipo kuigusa, na mlango ulipofunguliwa, nchi ilikuwa na wachache mno wa kufundisha wengine.

Mlango mwingine ulifunguka upande wa elimu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuzinduliwa rasmi Januari 1994, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kutafuta digrii ya nchi yake mwenyewe pasipo kuhama nyumbani. Sengerema nayo ilipata bahati yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilianzishwa hapo kituo cha mawasiliano cha jamii, katika mpango wa majaribio uliohusisha UNESCO, Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, na IDRC ya Kanada, pamoja na Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania. Vituo ndugu vya mpango huo viliwekwa mahali kama Timbuktu katika Mali na Nakaseke katika Uganda. Kituo cha Sengerema kilikuwa na simu, mashine za kunakili, kompyuta, intaneti iliyopokewa kwa setilaiti, na mafunzo ya kompyuta kwa wenyeji. Baadaye kikawa na redio yake. Intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali na ya polepole, basi watu waliitumia kwa zamu. Lakini zamu hiyo ilikuwa na faida isiyokusudiwa: aliyesubiri alitazama, aliyekaa mbele ya mashine aliulizwa, na aliyejua alimfundisha asiyejua.

Mwaka 2009 waya wa SEACOM, uliolazwa chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Mkongo wa Taifa nao ukaanza kujengwa kuelekea mikoani. Bei ikashuka, mwendo ukaongezeka, na simu ya mkononi ikawa mlango wa intaneti kwa watu wengi kuliko kompyuta. Kijana wa Sengerema hakuhitaji tena kwenda kituoni. Aliweza kununua kifurushi, ambacho watu hukiita bando, akajifunza chumbani mwake. Hapo somo likawa karibu kuliko wakati wowote uliopita, na mwanafunzi akarudi kuwa peke yake kama karani wa zamani na taa yake.

Hati ya mwandika programu

Hati za ustadi katika kazi za kompyuta zilianza Marekani. Mwaka 1962 chama cha wasimamizi wa mashine za hesabu kilitoa kwa mara ya kwanza mtihani wa hati ya kazi hiyo. Mtihani ule ulizusha ubishi ambao haujaisha hata leo: je, maswali ya karatasi yaweza kupima kazi ya mikono na akili? Baadaye makampuni yenyewe yakaanza kutoa hati juu ya bidhaa zao, na katika miaka ya 1990 vikaenea vituo vya mitihani vinavyotahini kwa kompyuta katika nchi nyingi. Lugha ya Java ilipotolewa mwaka 1995 na kampuni ya Sun, haikupita miaka mingi ikawa na mtihani wake, ambao baadaye uliingia mikononi mwa Oracle.

Masomo ya kujiandaa yalipanuka kwa njia ya pekee. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Stanford kilifungua somo la akili ya mashine kwa dunia nzima bila ada. Waliojiandikisha walikuwa yapata 160,000. Waliomaliza walikuwa zaidi ya 20,000. Idadi ya pili ni kubwa kwa darasa lolote la dunia, lakini ukiitazama kando ya idadi ya kwanza, waona kwamba kati ya kila watu 8 walioanza, alifika mwisho mmoja au zaidi kidogo tu. Mwaka 2012 yakafuata mashirika kama Coursera na edX, na mwaka 2014 freeCodeCamp, litoalo masomo na hati zake bila malipo.

Kwa mfano wa mtihani wenyewe, yafaa kutaja ule wa awali wa Python Institute, wa lugha ya Python iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Mtahiniwa hupewa maswali 30 na dakika 40, naye hufuzu akipata asilimia 70. Somo la kuuandalia hupatikana bure mtandaoni, na mashine ya kufanyia mazoezi haihitaji kuwa ya thamani kubwa. Ada ya mtihani hutajwa kwa dola. Maana ya hesabu hiyo ni kwamba mtahiniwa ana dakika moja na sekunde 20 kwa kila swali: asome maneno ya Kiingereza, asome mistari ya programu, apime hila iliyomo, kisha achague jibu.

Hila zenyewe ni ndogo, lakini zakata. Katika Python, 7 / 2 hutoa 3.5, na 7 // 2 hutoa 3. Mwanafunzi husema basi alama ya pili huacha sehemu na kubakiza namba nzima. Halafu aulizwa -7 // 2, naye ajibu -3, akakosa. Jibu ni -4, kwani kanuni ni kushuka hadi namba nzima iliyo chini, wala si kuikata sehemu. Asiyeandika mistari hiyo kwa mkono wake na kuitazama ikitenda hatalijua hilo kwa kutazama video, hata akizitazama mara kumi.

Suala la lugha

Hapa ndipo penye uzito. Shule za msingi za Serikali zimefundisha kwa Kiswahili tangu mwisho wa miaka ya 1960, na shule za sekondari zimeendelea kwa Kiingereza. Kwa hiyo kijana wa Sengerema hufika kwenye somo la programu akiwa na mizigo miwili: ajifunze fikira mpya, na aifasiri lugha iliyoichukua. Akishindwa, huambiwa hana kichwa cha kompyuta, kumbe hakukiona kitu chenyewe kwa sababu ya ukungu wa maneno.

Wasemao kwamba Kiswahili hakitoshi kwa kazi hiyo hutazama istilahi tu. Ni kweli kwamba istilahi zimezua ubishi: wengine husema kompyuta, wengine tarakilishi, na wengine walipendekeza ngamizi. Ni kweli pia kwamba ubishi huo haukuzuia kazi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu za ofisi zenye amri za Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Lakini istilahi ni ganda. Kiini ni kufahamisha, na katika kufahamisha Kiswahili kina nguvu ambazo hazijatumiwa.

Mfano wa kwanza ni alama ya usawa. Mwanafunzi aliyezoea hesabu za shule huisoma x = x + 1 kwamba x ni sawa na x ikiongezwa 1, akashangaa, maana hakuna namba ya namna hiyo. Kiswahili kina njia ya kitenzi inayotenga amri na habari. Mwalimu akisema "x na ipewe thamani ya x pamoja na 1", mshangao hukoma. Ile ni amri, wala si habari. Ama alama mbili za usawa zilizofuatana, hizo ni swali: "je, ni sawa?" Tofauti ambayo wanafunzi huisumbukia kwa majuma hufahamika kwa kiishio kimoja cha kitenzi.

Mfano wa pili ni sharti na marudio. Kiungo -ki- hutumika katika Kiswahili kwa sharti, kama katika "mvua ikinyesha hatuendi", na pia kwa tendo linaloendelea, kama katika "nilimwona akivua". Mwalimu asiyeangalia akitumia -ki- kwa amri zote mbili za programu, atawachanganya wanafunzi wake, kwa kuwa moja hupima mara moja tu na ya pili hurudia. Lakini lugha ina maneno ya kuzitenga. Mvuvi aambiwe: "Iwapo mtumbwi una maji, chota mara moja umwage." Kisha aambiwe: "Maadamu mtumbwi una maji, chota umwage." Amri ya kwanza yatoa kata moja, na huenda mtumbwi ukazama. Amri ya pili yaendelea mpaka mtumbwi ukauke. Na ikiwa mtumbwi una tundu, haitakoma milele. Hilo la mwisho ndilo kosa la marudio yasiyo mwisho, liogopwalo na kila mwandika programu, na mtoto wa pwani ya ziwa hulielewa papo hapo.

Mfano wa tatu ni kuhesabu kuanzia 0. Katika Python kitu cha kwanza katika orodha kina namba 0, na wanafunzi hulalamika kwamba hayo ni kinyume cha akili. Lakini saa za Kiswahili huhesabu muda uliopita tangu siku ianze: saa moja ya asubuhi ni saa 1 baada ya mapambazuko. Mapambazuko yenyewe, ambapo hakuna saa iliyopita, ndipo mahali pa 0. Namba ya orodha nayo ni umbali kutoka mwanzo, si cheo cha kitu. Mswahili amekuwa akihesabu hivyo kila asubuhi.

Mifano hiyo haisemi kwamba Kiingereza kiachwe. Maneno ya amri katika Python na Java ni ya Kiingereza, maelezo ya makosa ni ya Kiingereza, na mtihani uliotajwa hautolewi kwa Kiswahili. Atakaye hati hana budi kukisoma Kiingereza hicho, nacho si kikubwa: ni maneno machache yarudiayo. Lakini kujifunza Kiingereza cha mtihani ni kazi moja, na kuifahamu programu ni kazi nyingine. Anayezifanya zote mbili kwa wakati mmoja katika lugha ya mtihani huwa kama mtu avukaye maji akijifunza kuogelea. Afahamu kwanza kwa lugha aliyonayo, kisha avuke.

Mtihani na maji

Imebaki hatua ya tatu, yaani mtihani. Mitihani mingine ya hati hufanywa katika vituo vilivyoidhinishwa mijini; mingine hufanywa nyumbani, kamera ikimtazama mtahiniwa na msimamizi akiwa katika nchi nyingine. Kwa mtihani wa kituoni, mtu wa Sengerema alianza safari yake kwa kusubiri pantoni, ama Busisi kwenda Kigongo, ama Kamanga kwenda Mwanza mjini. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa yapata kilometa 3 na lililopewa jina la J. P. Magufuli, na safari iliyotegemea chombo ikawa safari ya dakika chache kwa gari.

Kwa mtihani wa nyumbani, daraja ni umeme na waya. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikadhoofika kwa siku kadhaa katika nchi za Afrika ya Mashariki, Tanzania ikiwa mojawapo ya zilizoumia. Aliyekuwa na saa ya mtihani siku zile alijua kwamba bahari iliyo mbali yaweza kuwa kizuizi kuliko ghuba iliyo mbele ya macho. Aliye na masomo yaliyopakuliwa mapema, na wenzake wa karibu wa kufanya nao mazoezi, hakupoteza siku zake.

Twisho la habari hizi ni hukumu juu ya fedha na juhudi. Mara nyingi anayetaka kuwasaidia vijana hununua vifurushi na mashine, akadhani amemaliza. Historia ya pwani hii yaonyesha kwamba hivyo ni vyombo vya kuvushia somo, na somo halikuwa tatizo. Fedha kidogo ingetosha kwa jambo jingine: vijana 6 au 8 wakutane mara mbili kwa juma katika chumba kimoja, kwa mfano katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi au katika shule baada ya masomo, awepo mmoja aliyekwisha kufuzu, kila mtu aandike programu yake mwenyewe na kuisomea wenzake kwa Kiswahili mstari kwa mstari, kisha, katika majuma ya mwisho, wajizoeze maswali ya Kiingereza kwa kuhesabu dakika. Hayo ndiyo yaliyofanywa Mwanza katika mradi wa kisomo, na ndiyo yaliyofanywa katika vikundi vya redio, ila kwa chombo kingine.

Hati yenyewe nayo ipewe cheo chake tu. Hushuhudia kwamba mtu alijibu maswali fulani siku fulani. Haishuhudii kwamba ataandika programu itakayompimia mvuvi uzito wa samaki wake au kumtunzia mkulima hesabu za pamba. Lakini kwa kijana asiye na jina mjini wala ndugu ofisini, karatasi hiyo ni barua ya kumfungulia mlango kwa watu wasiomjua, na si haki aikose kwa sababu ya lugha au upweke, ilhali dawa ya vyote viwili imejulikana upande huu wa ziwa kwa zaidi ya miaka 50. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nacho kitabu kilichovuka maji hakina budi kupokewa na mikono mingi.